Chumba cha Nondo

Sisi tulikuwa tukifuga nyigu. Najua inavyosikika. Pale mtaani Ziwani tulikozaliwa watu hufuga kuku, sungura na njiwa, na jirani yetu mmoja aliwahi kujaribu bata mzinga mpaka akamchosha kila mtu mtaani. Lakini nyigu? Siku nilipomweleza mama wa nyumba ya pili kazi yangu, alicheka mpaka akajishikilia mlangoni, kisha akaniuliza kama hao nyigu nawakamua au nawachinja. Tangu hapo vijana wa pale kona wakiniona nashuka asubuhi walinisalimia, "Niaje, madam wa nyigu," nami nikiwajibu vibaya, maana mdomo wangu hauna breki. Wao hilo ndilo walilokuwa wakilitaka.

Nyigu wenyewe hawakuwa wa kumuuma mtu. Ni wadogo mno. Ukimweka mmoja juu ya gazeti, utadhani ni nukta ya mwisho wa sentensi, mpaka nukta ianze kutembea. Nyigu hawa hutaga mayai yao ndani ya mayai ya nondo, na lile yai ambalo lingetoa kiwavi wa kutafuna mahindi linatoa nyigu badala yake. Sisi tulikuwa tukiyabandika mayai hayo kwenye vikadi. Mkulima anatundika kadi shambani, nyigu wanatoka, wanakwenda kutafuta mayai ya wadudu waharibifu, na yule mkulima hana haja ya kupulizia sumu mahindi watakayokula watoto wake. Huo ndio utafiti uliokuwa ukifanywa katika kituo kimoja kidogo huko Baba Dogo, ndani ya ghala la kukodi, kati ya kiwanda cha plastiki na karakana ya vyuma. Mimi niliipenda kazi ile. Nasema mapema ili mtu asije akadhani niliichukia tangu mwanzo.

Sasa, ukitaka nyigu, lazima kwanza uwe na mayai ya nondo, tena mengi. Na ukitaka mayai ya nondo, lazima ufuge nondo. Nyigu walikuwa na chumba chao, kisafi, chenye taa nyeupe na hadubini, na humo ndimo nilimokuwa mimi na diploma yangu. Nondo walikuwa na chumba kingine kule mwisho wa ukumbi, chumba cha joto, dirisha lake dogo limezibwa ili wasitoroke, rafu kutoka sakafuni mpaka darini, na kila rafu imejaa trei za mtama wa kusagwa ambamo viwavi walikuwa wakila na kunenepa. Humo ndimo alimokuwa dada yangu.

Dada alinitangulia pale. Aliingia kama mfagizi, baada ya ndoa yake kuvunjika na kurudi nyumbani kwa mama, na kwa sababu alikuwa na mikono mitulivu na hakuchoka kuuliza, wakamfundisha kulea nondo. Akawalea vizuri kuliko mtu yeyote waliyewahi kuwa naye. Ni yeye aliyemwambia mkuu wa kituo kwamba ana mdogo wake mwenye diploma ya mambo ya wadudu, amekaa tu nyumbani anagombana na mama. Mkuu akasema niletwe. Kwa hiyo hata ile hadubini niliyojivunia nilipewa na yeye.

Tulikuwa tofauti kabisa. Mimi nawaka haraka. Yeye kila kitu alikigeuza mzaha. Alisema viwavi wake wanakula kuliko watoto wa shule ya bweni na hawashukuru. Akinisikia nimemfokea mtu ukumbini, alitoa kichwa mlangoni na kuuliza, "Leo umemla nani?" kisha akarudi kwa nondo wake.

Kazi yake ilikuwa ni kuwakusanya nondo wakishatoka kwenye trei na kuwatia katika vyombo vya wavu ili watage. Nondo ukimgusa anaacha unga mkononi. Ule unga ni magamba ya mabawa yake, madogo mno, na katika chumba kile nondo hawakuwa mmoja wala wawili. Kufikia saa sita dada alikuwa kama mtu aliyetoka kwenye kinu cha unga wa posho, nyusi zimegeuka kijivu, kope zinang'aa. Barakoa tulizokuwa nazo zilikuwa mabaki ya wakati wa Korona, zile nyembamba, na kwa joto la mle ndani zililowa upesi. Akaziacha. Akawa anajifunga mtandio wake puani na mdomoni, akisema kama umeweza kumsitiri mbele ya wanaume utashindwaje na nondo.

Kikohozi kilianza kama kusafisha koo tu. Upande wetu wa mji hakuna asiyekohoa. Kuna moshi wa takataka, kuna vumbi la barabara, kuna moshi wa viwanda, nani atakuuliza? Mimi nilishtuka kwa jambo jingine. Kutoka stendi mpaka geti la kituo ni mwendo mfupi, na dada alikuwa na mwendo wa kuniacha nyuma kila siku, mimi nikimlalamikia. Asubuhi moja akasimama njiani kutazama viatu vya mitumba. Asubuhi nyingine akasimama kununua njugu. Kisha nikagundua njugu hazili. Alizinunua apate sababu ya kusimama.

Mama alianza kumtibu kwa anayoyajua. Habasoda na asali kabla ya kula kitu. Mvuke wa mkaratusi, kichwa chini ya leso. Maalim akamsomea maji, akayanywa. Mama yetu anauza viungo sokoni na hakuna kikohozi ambacho hakijui kwa harufu, lakini hiki kilimshinda. Mwishowe akamchukua wakaenda kliniki, mimi nikiwa kazini.

Yaliyotokea huko nilikuja kuyajua baadaye sana. Muuguzi alimuuliza dada anafanya kazi gani. Sasa, huko nyuma, katika kliniki nyingine alikokwenda kwa ajili ya jino, aliwahi kuulizwa swali hilo hilo na akajibu ukweli, kwamba anafuga nondo. Muuguzi wa huko alicheka akamwita mwenzake aje asikie, na foleni nzima ikageuka kumtazama. Dada yangu, pamoja na mizaha yake yote, hakupenda kuchekwa na watu asiowajua. Kwa hiyo safari hii alijibu, "Niko na mama kwa duka la viungo." Mama akaitikia kwa kichwa. Naye alikuwa akiona haya, kama mama yeyote wa pale kwetu ambaye binti yake anashinda na wadudu. Yule muuguzi akaandika duka, na kuanzia hapo hakuna aliyewahi kuuliza juu ya vumbi.

Makohozi yake yalipopimwa hayakuonyesha kitu, lakini picha ya kifua ilikuwa na kivuli fulani. Kwetu mtu akikohoa muda mrefu na akakonda, jina la ugonjwa linajulikana kabla hajavua viatu mlangoni. Wakamwanzishia dawa za kifua kikuu, wakamwambia akae nyumbani kwanza asiwaambukize wenzake.

Mtaa ukajua siku hiyo hiyo. Jirani mmoja akahamisha ndoo zake kutoka bombani alipomwona dada anakuja. Mwingine akaacha kutuma watoto wake kwetu. Nikatoka nje nikawapasha. Nilisema maneno ambayo mama alinikataza kuyarudia, na nikaongeza mengine. Dada alinivuta mkono, akasema, "Wacha. Hata mimi ningehamisha ndoo."

Lakini kukaa nyumbani kulimsaidia. Wiki zilivyokwenda kifua kikafunguka. Akaanza kulala bila mito mingi, akaanza kutania tena, akanenepa kidogo. Kila mtu akasifu dawa. Mama akachinja kuku. Aliporudi kazini nilifurahi kama mtoto, kwa sababu mtu waliyemweka kwa muda alikuwa karibu kuwamaliza nondo wote, na nyigu wangu walikuwa wakipungua.

Haikuchukua muda akawa vilevile, akawa zaidi ya vilevile. Sasa ilikuwa ile sauti ya mluzi, anatoa pumzi na unasikia kama kuna mtu anapiga firimbi mbali ndani ya kifua chake. Kule kliniki wakamwambia hamezi dawa. Muuguzi alimsema mbele za watu kwamba watu kama yeye ndio wanaofanya ugonjwa uwe sugu, wanatupa vidonge halafu wanakuja kulia. Dada alikuwa hajakosa kidonge hata siku moja. Alirudi nyumbani akakaa kitandani akalia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia tangu talaka yake. Niliumia sana. Nilitaka kwenda kumtafuta yule mwanamke, mama akafunga mlango na kuketi mbele yake.

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani. Kumi la mwisho dada aliomba likizo akakaa nyumbani kusoma na kuswali. Siku ya Idi alikwenda uwanjani kwa miguu na kurudi kwa miguu, akiwa amempakata mtoto wa binamu yetu, akizungumza njia nzima. Mama alinong'ona kwamba dua imejibiwa. Mimi niliamini, kwa nini nisiamini? Jumatatu tukarudi kazini pamoja. Kabla ya adhuhuri nikasikia ile firimbi ukumbini.

Nilikuwa na kadi ya mayai mkononi, nikasimama pale pale. Sisi kule kazini tukitaka kujua ni nini kinachoua nyigu, tunaweka makundi mawili, moja tunalipatia kitu, jingine tunalinyima, halafu tunatazama. Dada alikuwa amefanyiwa jaribio hilo na maisha yenyewe, mara moja na mara ya pili, na sisi tunaolipwa kutazama hatukutazama. Akitoka kwenye kile chumba anapona. Akirudi anaumwa. Haikuwa vidonge wala kuku wa mama.

Jioni njiani nikamwambia, "Ni kile chumba."

"Usianze," akasema.

"Ni ule unga, dada. Unauvuta kila siku."

"Nimeuvuta miaka yote hii, leo ndio umekuwa mbaya?"

Nikamjibu ndio, leo ndio umekuwa mbaya. Tukanuniana mpaka nyumbani. Lakini mimi nikishika jambo siachii, na wiki ile nikamburuta hospitali kubwa kwa daktari wa kifua. Neno kumburuta silisemi kwa utani. Nilimshika mkono kutoka getini.

Daktari yule alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye uchovu. Akamuuliza dada kazi yake. Dada akasema duka. Nikasema, "Muongo huyu. Anafuga nondo."

Hakucheka. Aliweka kalamu chini. Akauliza nondo wa aina gani, chumba kikoje, unga unafika wapi mwilini, anapona lini na anazidiwa lini. Akampa mrija apulize, dada akapuliza, daktari akatazama kipimo, akampa dawa ya kuvuta kisha akampulizisha tena. Ndipo akatueleza. Ilikuwa pumu, iliyoletwa na magamba ya wale nondo. Kifua kikuu pengine hakikuwahi kuwapo kamwe. Mwili wa dada umeukataa ule unga, na ukishakataa haukubali tena, hata unga uwe kidogo namna gani. Akamwandikia vichupa vya dawa ya kuvuta, akamtazama usoni. "Ukirudi mle ndani," akamwambia, "itafika siku hii dawa haitatosha."

Kesho yake tulikwenda kwa mkuu wa kituo, wote wawili. Yule hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa. Alisikiliza yote, akakuna kichwa, akasema ataomba barakoa za kufaa na feni ya kutoa vumbi kwa wafadhili, lakini mambo ya wafadhili yanachukua muda. Na nondo hawawezi kuachwa. Msimu wa kupanda ulikuwa umekaribia, wakulima walikuwa wameahidiwa kadi, na ukikosa nondo wiki moja unakosa nyigu, na ukikosa nyigu mradi umekufa na sote tuko nje. Akafikiri. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyepata njia, "Mnaweza kubadilishana. Wewe uingie kwa nyigu, mdogo wako aingie kwa nondo."

Nikasema sawa kabla hajamaliza.

Dada akasema hapana.

Mkuu akadhani hakusikia vizuri. Akaeleza upya kwamba si kila mtu anadhurika na ule unga, wengi wanakaa nao maisha yao yote bila shida.

"Huyu tumbo lake na langu ni moja," dada akamwambia. "Na hata mimi nilikaa nao bila shida. Mpaka nilipopata shida."

Nyumbani niliwaka. Nilimwambia yeye si mtume wala walii, nani kamtuma kunifia? Nilimwambia aache kazi kesho. Alikuwa anakata vitunguu, akaendelea kukata. Akasema akiacha leo, kesho wataniingiza mimi, kwa sababu hakuna mwingine anayejua ile kazi, na mimi nitaingia kwa kuwa nina kichwa kigumu na nawapenda wale vijidudu kuliko watu.

"Basi tuache wote," nikasema.

"Halafu nani atashika hii nyumba? Viungo vya mama?"

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamwambia aamue yeye, ni mama, tutamtii. Mama aliacha mchele. Akaniuliza, "Unataka nichague?" Akainuka, akaenda kutia udhu, akaswali, na hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo mbele yake.

Dada akarudi kwa nondo. Kichupa cha dawa alikitia kifuani chini ya kanzu. Alijua mimi nitamvizia. Alijua siku akitoka kwenda msalani mimi nitaingia nifanye kazi yake, na kweli nilikuwa nimeshafanya hivyo siku moja, akanikuta nimeshika trei, akanitoa kwa kunisukuma, dada yangu ambaye hakuwahi kunigusa. Baada ya hapo alimwomba fundi wa ile karakana ya jirani amtilie komeo kwa ndani. Akiingia anafunga. Alinipitishia mayai kwa mwanya wa chini ya mlango, ndani ya bahasha, na mimi nilikaa sakafuni upande huu nikiyapokea na kumtukana. Yeye akicheka. Wakati mwingine kicheko kilimgeukia kikawa kikohozi, nami nilingoja, mkono umeshika ile bahasha, mpaka nisikie sauti ya kile kichupa, pss, na pumzi yake ikirudi. Ndipo nilipoinuka kwenda kwa nyigu wangu. Barakoa zilikuwa njiani. Feni ilikuwa njiani. Kila nilipouliza niliambiwa ziko njiani.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, kwenye kiwanda cha plastiki mashine zinalia kama kawaida. Nilikuwa nimeinamia hadubini. Nikasikia trei zinaanguka, moja kisha nyingi pamoja, na baada ya hapo kimya.

Nilikimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikamwita. Nikausukuma, nikaupiga teke, nikaupiga kwa kiti. Lile komeo lilikuwa zuri, yule fundi alifanya kazi yake vizuri. Nilikuwa nikimsikia upande wa pili. Si kukohoa. Mtu wa pumu akizidiwa kweli hakohoi, anavuta tu, anavuta na hakiingii kitu, na sauti yake ni ndogo, na mimi nilikuwa na sikio langu kwenye ubao nikiisikia. Nilimwambia afungue. Nilimwambia dada, nyoosha mkono tu. Sijui kama alinyoosha.

Mkuu alikuja mbio, tukasukuma wote wawili, haikufaa kitu. Akaenda kuwaita watu wa vyuma. Walikuja na mtaimbo wakaubomoa mlango. Humo ndani huwezi kuona, unga umejaa hewani, nondo wanazunguka taa kwa mamia. Alikuwa amelala juu ya mtama karibu na mlango. Kichupa kilikuwa mkononi mwake. Nilikichukua nikakibonyeza mdomoni mwake, na hakikutoa kitu.

Watu wa kiwanda cha plastiki walitupatia gari lao. Alifika hospitali akiwa hai, wakamtia oksijeni, wakamtia sindano, na kwa muda nikaona vidole vyake vinarudiwa na rangi. Alinitazama. Alikuwa na unga kwenye kope. Alitaka kusema kitu nikamkataza, nikamwambia ahifadhi pumzi, na akanitii, yeye ambaye hakuwahi kunitii. Alifariki kabla ya alasiri. Kesho yake tulimzika makaburi ya Kariokor, kwa haraka kama ilivyo desturi yetu, na mama alimwosha mwenyewe pamoja na wanawake wa mtaa, wakiwemo wale waliokuwa wamehamisha ndoo.

Siku ya tatu watu walikuwa bado wanakuja. Wanaume wameketi nje kwenye viti vya kukodi, wanawake ndani juu ya mikeka. Mkuu wa kituo alikuja na suti yake. Alipewa kahawa na tende, akakaa na wanaume kwa muda wa heshima, kisha akauliza kama anaweza kusema nami. Nikatoka mpaka barazani. Mama akatoka nyuma yangu bila kuitwa, akaketi kwenye kigoda.

Alitoa pole, na nadhani ilitoka moyoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema dada alikuwa mtu asiye na mfano, kwamba mradi mzima ulisimama juu ya mabega yake. Nikamshukuru. Kisha akashusha sauti. Wale nondo hawajapata mtama mpya tangu siku ile. Mvua ziko karibu. Zile barakoa zimeshafika bandarini, si porojo, ana karatasi. Angependa kujua kama mimi, kwa muda mfupi tu, mpaka vifaa vifike, ningeweza.

Hakumalizia. Alitazama kikombe chake.

Mama akasema, "Baba, una watoto?"

"Ninao, mama. Wawili. Binti na mvulana."

"Binti mkubwa?"

"Mkubwa. Amemaliza chuo mwaka jana. Bado anatafuta kazi."

"Basi ameipata," mama akasema. "Mwingize yeye."

Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba iliki imekwisha. Yule mtu akakiweka kikombe chini polepole, akainuka, akasema, "Nisamehe, mama," akatoka kwa njia ya uani ili asipite katikati ya watu. Sikumwona tena.

Nikageuka kuingia ndani. Mama akanishika kanzu.

"Na wewe," akaniuliza, "ulikuwa umefungua mdomo. Ulitaka kumjibu nini?"

Kuna watu wanaoweza kumdanganya mama yao siku ya matanga. Mimi siwezi. Nilikuwa nimeona, wakati yule mtu anazungumza, zile trei, viwavi wanaokonda, na nyigu wangu wakitembea juu ya kadi tupu wakitafuta pa kutaga. Kazi yote ya dada ilikuwa mle ndani inakufa kwa njaa. Na zaidi ya hapo sikuwa na mahali pengine pa kwenda na hasira yangu.

"Nilitaka kumwambia sawa," nikasema.

Mama alinipiga kofi. Mbele ya wanaume, mbele ya majirani, mimi mtu mzima. Halafu hapo hapo akanivuta chini mpaka nikapiga magoti, akaniwekea sikio lake kifuani, juu ya ile kanzu, akanikumbatia kwa nguvu nisitoke.

"Vuta pumzi," akasema.

Nikavuta.

"Itoe."

Nikaitoa. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Akaniambia nivute tena.